Shimo la gego linaniuma kuliko gego lenyewe

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka 26, fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Jumatatu asubuhi niling'olewa gego la mwisho la chini, upande wa kulia. Lilikuwa limelala ubavu, halikutoka lote, na kila baada ya mwezi mmoja au miwili fizi iliyolifunika ilikuwa inavimba mpaka nashindwa kufungua mdomo. Nilivumilia karibu mwaka mzima kwa woga. Kumbe kung'olewa kwenyewe hakukuniuma. Nilichomwa sindano ya ganzi, fizi ikakatwa kidogo, gego likatoka vipande viwili, nikashonwa nyuzi mbili. Nikapewa pamba ya kung'ata, vidonge kwenye bahasha na karatasi ya maelekezo. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza na mimi Kiingereza niliachana nacho shuleni, nikaikunja nikaitia kwenye mkoba. Muuguzi alinieleza mambo, lakini mdomo ulikuwa mzito, kichwa kinazunguka. Nilichokishika ni kimoja tu: nisile vya moto.

Jioni ileile mama mkwe wangu, ambaye nampenda kama mama yangu mzazi, alinichemshia maji ya chumvi. Alisema kidonda cha kinywa kisipooshwa kinaoza. Nikawa nasukutua kwa nguvu kila saa, natema, mpaka mate yakawa hayana tena rangi ya damu, sote tukafurahi. Jumanne nilikuwa sijambo. Shavu lilikuwa limevimba lakini maumivu yalikuwa kidogo, nikarudi kwenye cherehani kwa sababu nina sare za harusi za kumaliza kabla ya Jumamosi. Jua lilikuwa kali, mtoto wa jirani akaniletea barafu za ukwaju, nikafyonza mbili.

Jumatano usiku ndipo nilipokiona. Maumivu yanaanzia shimoni, yanapanda sikioni, yanakwenda mpaka kwenye kipaji. Ni kama mtu anachokoa mfupa kwa sindano ya gunia. Mdomo unanuka, mwenyewe nausikia. Mama alitwanga karafuu akanijazia mle ndani, ikapoa kama nusu saa, kisha fizi ikaanza kuwaka. Nimemeza diklofenaki za dukani na sasa tumbo nalo linaungua, maana nina vidonda vya tumbo tangu nikiwa shule. Kijana wa duka la dawa ameniuzia vidonge vya rangi mbili, nimeshameza vinne. Nimejiangalia kwa kioo na tochi ya simu: shimo tupu, na chini kabisa naona kitu cheupe. Mume wangu anasema daktari ameacha kipande cha jino.

Naogopa kurudi, nahisi watanikwangua upya, na pesa yenyewe imekwisha. Nimekosea wapi? Na kuna gego jingine upande wa kushoto, nalo limeanza kuchomoza. Likinifanyia hivi nitakuwa mgeni wa nani?

Fundi wa Ngamiani

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Barua yako ilinifikia Alhamisi mchana. Maumivu ya namna hii hayasubiri zamu ya kuchapwa, ndiyo maana nilikujibu palepale kwa maneno machache: rudi kliniki leo, ukishindwa basi kesho asubuhi, acha diklofenaki, usijaze kitu kingine chochote shimoni. Nashukuru ulinisikia. Ijumaa jioni ukaniandikia kwamba walipiga picha hawakuona kipande kilichobaki, wakaosha shimo taratibu, wakatoa unga wa karafuu na punje mbili za wali, wakaweka dawa, na kabla bajaji haijakufikisha nyumbani maumivu yalikuwa yameshuka. Umeniruhusu nikujibu hapa kwa kirefu ili na wengine wasome, nami nafanya hivyo kwa moyo wote, kwa sababu wanaokuja kliniki na kisa chako ni wengi mno na karibu wote wangeweza kuepushwa.

Jino likitoka, mfupa unabaki na shimo, na shimo lile linajaa damu. Damu hiyo inaganda ikawa bonge jekundu lililokoza, laini kama ini. Hilo bonge ndilo bandeji yako. Limefunika mfupa na ncha za neva zilizo chini yake, na ndani yake ndimo nyama mpya inamoota. Wewe ni fundi, utanielewa nikisema kwamba siku ya kwanza bonge hilo limeshikizwa kwa bandi tu. Mshono wenyewe bado. Ukilivuta linatoka zima zima, na mfupa unabaki uchi, unapigwa na hewa, mate na chakula. Sisi kazini tunaita tundu kavu. Maumivu yake hayaanzi siku ya kung'oa. Huja siku ya pili, ya tatu, hata ya nne, wakati mtu anaamini ameshapona, na kwa gego la chini hupanda sikioni kama ulivyoeleza. Nilipofika kwenye maneno yako ya sindano ya gunia sikuhitaji kusoma zaidi.

Kwa hiyo kile cheupe ulichokiona kwa tochi, kwako wewe kilikuwa mfupa. Lakini naomba wasomaji wengine wasishtuke kila wakiona weupe. Shimo linalopona vizuri nalo huvaa utando mweupe au wa njano-njano kuanzia siku chache baada ya kung'olewa, na utando huo si usaha. Kinachotofautisha ni maumivu: kama yanapungua siku hadi siku, uache utando wako ufanye kazi. Nimewahi kumwona kijana aliyeukwangua kwa kijiti cha kuchokolea meno akidhani anajisafisha. Alijirudisha nyuma wiki nzima.

Umeniuliza ulikosea wapi. Sitaki ujilaumu, wala usimlaumu mama. Chumvi yake ilikuwa sahihi, iliwahi mno tu. Katika saa 24 za kwanza kinywa hakisukutuliwi hata kwa maji matupu, na mate hayatemwi kwa nguvu. Unayameza, au unainama juu ya beseni unafungua mdomo yanadondoka yenyewe. Mate yenye rangi ya damu siku ya kwanza ni jambo la kawaida, maana tone moja la damu huyapaka rangi mate ya mdomo mzima. Yale maji yaliyotoka meupe jioni ile mkafurahi, yawezekana ndiyo yaliyoondoka na bonge. Damu ikiwa inachuruzika kweli, dawa yake ni kukandamiza: pamba safi ya hospitali au kitambaa safi kilicholoweshwa kidogo na kukunjwa, kinawekwa juu ya shimo lenyewe, unang'ata kwa nguvu nusu saa bila kuchungulia. Usipokuwa na pamba, kipakiti cha majani ya chai kilicholowekwa na kupoa kinasaidia, ule ukakasi wa chai hubana mishipa midogo. Ukikandamiza mara mbili hivyo na damu bado inajaa mdomoni, nenda hospitali, hata kama ni usiku wa manane.

Kesho yake ndipo maji ya mama yanapoingia. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji vuguvugu, uyajaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono kama unavyojaribu maziwa ya mtoto. Unaweka kinywani, unainamisha kichwa upande huu na ule, unayaacha yaanguke. Mara nne kwa siku, hasa baada ya kula, kwa muda wa wiki moja. Kuongeza chumvi hakuongezi uponyaji, kunakausha fizi tu.

Kisha kuna kufyonza. Watu wakiambiwa wasinywe kwa mrija wanadhani ni soda tu. Hapa kwetu mrija una ndugu wengi. Dafu lina mrija. Barafu ya ukwaju ya kwenye mfuko haina mrija, lakini unavyoinyonya ile ncha uliyoitoboa kwa meno, mashavu yanaingia ndani na kila kilicho shimoni kinavutwa juu. Sigara ni hivyohivyo, na yenyewe inaongeza sumu inayobana mishipa ya damu. Mvutaji akae mbali nayo siku tatu kamili, na ikiwezekana wiki. Nawe mwanangu kuna jingine ambalo hukuliandika, lakini nimekaa na mafundi: uzi mnaukata kwa meno, na ncha yake mnaitia mdomoni mkailowesha na kuibana ili ipite kwenye tundu la sindano. Ufanye hivyo mara arobaini kwa siku huku umeinamia kitambaa, damu yote imekujaa kichwani. Tumia mkasi kwa wiki mbili hizi. Pini nazo zihame mdomoni, zikae kwenye kile kimto chake.

Barafu yenyewe ni dawa nzuri, ikikaa nje ya shavu. Ifunge kwenye kipande cha khanga, weka dakika 15 au 20, ondoa kwa muda kama huo, rudia, siku hiyo ya kwanza. Uvimbe hukua mpaka siku ya pili au ya tatu, usiogope ukiamka umevimba kuliko ulivyolala. Baada ya hapo kitambaa cha uvuguvugu kinafaa zaidi, na pia kinalegeza taya. Taya kukakamaa ukashindwa kuingiza hata vidole viwili mdomoni ni kawaida kwa wiki moja hivi. Ulale umeinuka kidogo, mito miwili, usiku wa kwanza na wa pili.

Nije kwenye karafuu, maana najua mama atauliza. Ile dawa ya kahawia yenye harufu kali uliyowekewa Ijumaa ilikunukia nini? Bila shaka karafuu. Ndani yake mna eugenoli, na eugenoli ndiyo inayofanya karafuu iwe karafuu. Pemba, pale Wawi, wana kiwanda kinachokamua mafuta hata kwenye makonyo, vile vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Kwa hiyo mama hakubuni uganga. Mkono wake ulikwenda kwenye dawa ileile tunayoitumia sisi. Tofauti ni kwamba yetu imetengenezwa kwa kipimo, imekaa kwenye kitambaa au uji mzito unaofunika mfupa bila kuunguza, na inawekwa kwenye shimo lililooshwa. Karafuu iliyotwangwa kwenye kinu ina vumbi na chembe, zinakwama mle ndani, na mafuta yake yakigusa fizi moja kwa moja yanaichoma. Mfikishie salamu zangu, umwambie nimesema alikuwa karibu sana na ukweli.

Dawa hiyo ya shimoni hubadilishwa kila baada ya siku moja hadi tatu mpaka maumivu yaishe. Usiache kurudi kwa sababu umepata nafuu, kwani aina nyingine hazijiyeyushi, lazima zitolewe. Waulize ya kwako ni ipi. Kuhusu woga wa kukwanguliwa, siku hizi hatukwangui mfupa ulio wazi. Tunaosha na kufunika. Kuhusu pesa, waambie bila aibu kwamba umerudi kwa tatizo la jino walilolitoa wao. Mahali pengi kubadilisha dawa huwa ni gharama ndogo au hawatozi kabisa, lakini asiyeuliza haambiwi.

Kwenye vidonge nitakuwa mkali kidogo. Mwenye vidonda vya tumbo hatakiwi kumeza diklofenaki wala ibuprofeni kwa kujinunulia, na hata asiye na vidonda hatakiwi kuzichanganya hizo mbili, maana ni ndugu wa tumbo moja. Aspirini nayo iachwe, inazuia damu kuganda, na kuiweka juu ya fizi kunaunguza nyama ikawa nyeupe. Wewe tumia parasetamoli za miligramu 500, mbili kila baada ya saa sita, zisizidi nane kwa siku nzima, na uangalie usije ukawa unameza na dawa ya mafua ambayo ndani yake mna parasetamoli ileile. Zikishindwa, mwambie daktari wako akupe kinachofaa tumbo lako. Tumbo likiendelea kuungua, au ukitapika damu au kupata choo cheusi kama lami, hilo ni la hospitali siku hiyohiyo.

Na zile rangi mbili? Tundu kavu halitokani na wadudu waliovamia, linatokana na bandeji kung'oka. Antibayotiki hairudishi bandeji. Wapelekee waone kile ulichopewa kwenye bahasha na hicho ulichouziwa, wakuambie kipi uendelee nacho mpaka kiishe na kipi uweke pembeni. Vidonge vinne leo, vitatu mwezi ujao, ndivyo tunavyofundisha wadudu kuzizoea dawa, halafu siku ya shida ya kweli hazifanyi kazi.

Jambo moja ambalo hukuligusa: kama unatumia vidonge vya majira, vile vya kupanga uzazi, wanaovitumia hupata tundu kavu zaidi kuliko wasiovitumia. Usiviache. Mtajie tu daktari kabla ya jino jingine kutolewa. Na wenye selimundu, kisukari, au wanaomeza dawa za kuzuia damu kuganda waseme mapema vilevile, hata kama hawajaulizwa.

Chakula hakina shida. Uji uliopoa, mtori, viazi vya kuponda, mtindi kwa kijiko, ndizi mbivu. Tafunia kushoto. Wali, bisi, karanga na pilipili vingoje, wali hasa kwa sababu punje yake huingia shimoni kama imepimwa. Meno mengine yapige mswaki tangu usiku wa kwanza, taratibu, ukikaa mbali na kidonda. Kinywa kichafu ndicho kinacholeta usaha. Fizi itafunga baada ya wiki tatu au nne. Kabla ya hapo chakula kitakuwa kinaingia, na dawa watakapoiondoa kabisa waombe bomba la sindano lisilo na sindano ulitumie kumwagia maji ya chumvi shimoni polepole. Nyuzi nazo, uliza kama zinayeyuka au utarudi zitolewe.

Kuna dalili nyingine ambazo mtu asisubiri hata barua yangu: homa ya nyuzi 38 na zaidi, uvimbe unaozidi kukua baada ya siku ya tatu au unaoshuka chini ya kidevu na shingoni, usaha, kushindwa kumeza mate, ulimi kuinuliwa juu, kupumua kwa tabu. Hizo mbili tatu za mwisho ni za kukimbia, si za kutembea. Na mdomo wa chini au ulimi ukibaki na ganzi hadi kesho yake, mjulishe aliyeling'oa. Mara nyingi neva imeguswa tu na hisia hurudi polepole, lakini lazima iandikwe na ifuatiliwe.

Sasa karatasi. Hiyo imenigusa kuliko yote, na wenzangu wa kazi wataniwia radhi. Umempa fundi wa Ngamiani maelekezo kwa lugha ambayo hashindi nayo, ukayaongeza kwa mdomo wakati amekaa na pamba kinywani na ganzi kichwani, halafu unamrudisha nyumbani. Akifanya kosa, la nani? Maelekezo yatolewe kabla ya sindano, kwa Kiswahili, na aliyemsindikiza mgonjwa awepo asikie, kwa sababu yeye ndiye atakayekuwa jikoni jioni ile. Ungekuwa ulikwenda na mama mkwe wako akaambiwa kwa adabu, "Mama, maji ya chumvi ni kesho," yangekuwa ya kesho.

Gego la kushoto usiliogope wala usilikimbilie. Si kila gego la mwisho hung'olewa. Likichomoza wima, likapata nafasi, na mswaki ukafika nyuma yake, ni jino kama mengine, liache. Kama limelala kama mwenzake na fizi inavimba juu yake mara kwa mara, lina sababu ya kutoka, na tundu kavu upande mmoja halimaanishi lazima lije na upande wa pili. Ukirudi kubadilisha dawa, waombe wakuonyeshe kwenye picha limekaaje. Wakisema litoke, chagua wiki isiyo na sare za harusi, na mama umchukue.